Sonona, Huzuni na Mawazo: Historia ya Jina la Ugonjwa

Daktari J. C. Carothers alianza kuiongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938. Katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alishikilia kwamba sonona kali ni nadra miongoni mwa Waafrika. Hesabu yake ilitokana na waliolazwa, nao aghalabu walipelekwa huko kwa kuvuruga amani. Mtu aliyeketi kimya nyumbani, asiyekula wala kulala, hakukamatwa na askari yeyote. Kimya chake kikahesabiwa kuwa afya. La kustaajabisha ni kwamba kosa hilo la hesabu lilipewa heshima ya elimu.

Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya utafiti katika vijiji viwili vya Uganda. Wanavijiji walipohojiwa wenyewe, sonona ilionekana kuwa nyingi kuliko katika kitongoji cha London kilicholinganishwa nao.

Mjini Kisangani, uliopitia uasi wa 1964 na vita vya siku sita baina ya majeshi ya Rwanda na Uganda mnamo Juni 2000, suala hili ni la lugha pia. Neno "sonona" limo katika kamusi, lakini si la sokoni. Watu husema "niko na mawazo mingi" au "roho inauma". Huzuni ni jambo jingine: ina matanga yake, nayo matanga huisha. Kwa hiyo mgonjwa akiulizwa kama ana huzuni huenda akakana, akataja kichwa tu, akaondoka na dawa ya malaria.

Wilayani Masaka na Rakai, Uganda, watafiti walianza kwa kuwauliza wenyeji majina yao ya maradhi, wakapewa maneno ya Kiganda yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Ndipo yakaundwa makundi ya mazungumzo, yaliyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliobaki na sonona kali walikuwa 6.5% katika vijiji vyenye makundi, na 54.7% katika vijiji visivyo nayo.

Dawa nazo zipo. Imipramini ilijulikana tangu 1957, na amitriptilini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo tangu 1977. Lakini hizi huchukua wiki kadhaa kabla ya kumwinua mgonjwa, na aliyezoea dawa ya homa ya siku tatu huziacha mapema, asipokuwa ameelezwa hayo kwa maneno anayoyatumia nyumbani kwake.