Mkahawa na Mlango Wake wa Simu

Mwaka jana, tulipokusanyika kwa mkutano wetu wa wahitimu, kamati ilipewa kazi ya kutafuta mahali pa kula chakula cha jioni watu arobaini na ushei. Mwenzetu mmoja, niliyelala naye bweni moja kwa miaka minne, ana mkahawa mjini, na pilau lake halina mpinzani. Hata hivyo tulikula kwingine. Katibu wa kamati ni kijana aliyemaliza shule miaka mingi baada yetu, hakumfahamu mwenzetu huyu. Alilitafuta jina la mkahawa katika simu yake, akakuta picha moja ya orodha ya vyakula, imepigwa upande upande, bei zake ni za miaka minne nyuma, na namba ya simu haipatikani. Akaweka nafasi kwa jirani. Mwenzetu alipopata habari alicheka, lakini niliona wazi kwamba imemchoma.

"Chema chajiuza, bwana," akaniambia.

Nikamjibu kwamba hiki chake, kwa siku ile, hakikujiuza.

Mazungumzo yale ndiyo yaliyonifanya nimwombe Ndugu Mhariri kurasa hizi chache. Mimi ni mtumishi wa Serikali, si fundi wa kompyuta. Lakini nilisoma historia Chuo Kikuu, na ugonjwa wa kuuliza jambo limeanzia wapi haujanitoka. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuwatengenezea wenye mikahawa tovuti zinazosomeka vizuri katika simu ya mkononi ni mchezo wa juzi wa vijana. Kumbe ina mizizi ya miaka thelathini, na tangu mwanzo hadi leo kuna ugomvi mmoja unaojirudia ndani yake, nao ni huu: mlango anaoingilia mteja ni mali ya nani?

Tuanzie Aprili 1993, wakati kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi kilipoutoa bure kwa walimwengu wote mfumo wa kurasa za mtandao aliokuwa ameubuni Tim Berners-Lee. Haikupita miaka miwili, chakula kikaingia. Mnamo Agosti 1994 kampuni ya Pizza Hut ilifungua huduma iitwayo PizzaNet katika mji wa Santa Cruz, jimbo la California. Mteja alijaza fomu katika kompyuta: jina, anwani, namba ya simu, na aina ya piza. Fomu ile ilisafiri hadi makao makuu ya kampuni huko Wichita, Kansas, kisha ikarudi California katika duka la jirani na mteja. Yaani oda ilizunguka nusu ya Marekani ili ifike mtaa wa pili! Tunaweza kucheka leo, lakini angalieni jambo moja. Aliyeweza kufanya hivyo alikuwa kampuni kubwa yenye mafundi wake. Mzee mwenye meza nane na jiko moja hakuwa na njia.

Mzee yule alitafutiwa njia na watu wengine. Mwaka 1998 Chuck Templeton alianzisha OpenTable mjini San Francisco, ili mteja aweke nafasi ya meza kwa mtandao badala ya kupiga simu mkahawa baada ya mkahawa. Mkahawa ulilipa ada ya kila mwezi, na juu yake ukalipa dola moja hivi kwa kila mtu aliyeketi mezani kupitia huduma ile. Ilikuwa huduma nzuri, sina neno nayo. Lakini kuanzia hapo kulikuwa na mtu wa tatu aliyesimama mlangoni akihesabu vichwa.

Mwaka uliofuata, Februari 1999, kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ya Japani ilianzisha i-mode, huduma ya kurasa ndogo ndogo katika simu ya mkononi. Wajapani wakawa wanatafuta mahali pa kula wakiwa ndani ya treni, katika kioo cha upana wa vidole viwili. Kurasa zile ziliandikwa kwa namna yake ya pekee, maneno machache na picha chache, kwa sababu mwenye kuandika alijua tangu mwanzo kwamba msomaji wake ana simu tu. Somo hilo, nchi nyingine zilichukua zaidi ya miaka kumi kulishika.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Baada ya mwaka 2000 mikahawa mingi ya Marekani na Ulaya ilikuwa na tovuti, na nyingi zilikuwa kichekesho. Mafundi walipenda kutumia Flash, programu ya kuchezesha picha na sauti. Ukifungua tovuti ya mkahawa, ulipokewa na muziki, halafu moshi ukipanda kutoka kwenye sahani, halafu jina la mkahawa likijiandika polepole. Ulichotaka wewe ni saa ya kufungua na namba ya simu. Orodha ya vyakula mara nyingi ilikuwa faili la PDF, lilelile lililopelekwa kwa mpiga chapa. Nadhani chanzo kilikuwa hiki: mwenye mkahawa aliionyeshwa tovuti yake mara moja, ofisini kwa fundi, katika kioo kikubwa, akavutiwa, akalipa. Hakuwahi kuifungua akiwa amesimama barabarani na njaa.

Juni 2007 simu ya iPhone ikaanza kuuzwa. Ilikuwa na kivinjari kamili, lakini Flash haikufanya kazi ndani yake, na mnamo Aprili 2010 Steve Jobs aliandika barua ya wazi kueleza kwa nini haitaruhusiwa. Kwa hiyo mtu mwenye simu ya bei kubwa, ambaye bila shaka alikuwa na fedha ya kula, alifungua tovuti ya mkahawa akakuta ukurasa mtupu. Mwaka 2011 mwandishi Farhad Manjoo alitoa makala nzima katika jarida la Slate akiuliza kwa nini tovuti za mikahawa ni mbaya kiasi kile. Flash yenyewe ilikufa rasmi mwishoni mwa mwaka 2020.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana. Mei 2010 mbunifu Ethan Marcotte aliandika makala katika jarida la A List Apart akieleza namna ya kujenga ukurasa mmoja unaojipima wenyewe. Vijana mlio madarasani mtalielewa upesi, kwa kuwa ni hesabu ya asilimia tu. Badala ya kusema safu hii iwe na upana wa nukta mia sita, unasema iwe nusu ya kioo, kioo kiwe kikubwa au kidogo. Picha nazo zinapewa amri zisizidi upana wa mahali zilipo. Kisha ukurasa unauliza: kioo hiki kina upana gani? Kikiwa chembamba, safu mbili zinapangwa moja chini ya nyingine. Kabla ya hapo, mwenye tovuti alilazimika kujenga mbili, moja ya kompyuta na moja ya simu, na kama kawaida ya vitu viwili, kimoja husahauliwa.

Lakini dawa kujulikana si sawa na mgonjwa kuipata. Fundi wa tovuti hujenga, hulipwa, huondoka. Chakula, kwa upande wake, hubadilika kila siku: samaki hakupatikana, bei ya mafuta ya kupikia imepanda, mpishi wa chapati amesafiri. Kila badiliko lilihitaji kumpigia fundi simu na kumlipa tena, kwa hiyo mwenye mkahawa aliacha, na bei za zamani zikabaki zinaning'inia. Ndiyo sababu ikazaliwa huduma ya namna nyingine. Mfano ninaoufahamu vizuri ni BentoBox, iliyoanzishwa New York mwaka 2013 na Krystle Mobayeni, mbunifu wa tovuti. Huduma za aina hii hazimwuzii mwenye mkahawa tovuti kama mtu auzavyo kabati. Humwekea jiko la tovuti, akapika mwenyewe. Orodha ya vyakula huandikwa kwa maneno, jina la chakula na bei yake, si picha. Mwenye mkahawa hubadili bei asubuhi kwa simu yake, na ukurasa hujichora upya kwa kila kioo. Hulipa ada ya mwezi, na mteja anayeingia ni mteja wake.

Aliyewasukuma waliobaki alikuwa Google. Tarehe 21 Aprili 2015 ilianza kuzitanguliza, katika majibu ya wanaotafuta kwa simu, tovuti zinazosomeka bila kukuza maandishi, na ambazo viungo vyake havibanani hata kidole kikabonyeza viwili kwa pamoja. Mwezi uliofuata ikatangaza kwamba katika nchi kumi, zikiwamo Marekani na Japani, watu walikuwa wanatafuta kwa simu kuliko kwa kompyuta.

Sasa turudi kwa yule mtu wa tatu mlangoni. Kampuni ya Grubhub, iliyoanzishwa Chicago mwaka 2004, ilikusanya orodha za vyakula za mikahawa mingi na kupokea oda kwa niaba yake, ikichukua kamisheni. Mwaka 2019 waandishi wa jarida la The New Food Economy waligundua kwamba kampuni ile ilikuwa imesajili anwani za tovuti zaidi ya 23,000, nyingi zikiwa na majina ya mikahawa. Baadhi ya wenye mikahawa walisema hawakujua kabisa. Kampuni ilijibu kwamba ilifanya hivyo kwa mujibu wa mikataba, ili kuwaletea wateja, na kwamba mkahawa ukidai anwani yake utapewa. Mimi siwezi kuamua kesi hiyo kutoka huku niliko. Ila hebu fikirini mtu anafika siku moja kusajili jina la baba yake lililoko juu ya mlango tangu mkahawa ufunguliwe, anaambiwa lina mwenyewe.

Halafu ukaja ugonjwa wa korona. Mwezi Machi 2020 kumbi za kulia zilifungwa katika miji mingi, na mlango wa simu ukabaki ndio mlango pekee. Kamisheni za kampuni za oda huko Marekani zilifikia hadi asilimia 30. Kwa hesabu zetu, oda ya shilingi 20,000 huacha shilingi 6,000 njiani, kabla mwenye mkahawa hajalipa mchele, mkaa wala mpishi. Mwaka huohuo miji ya San Francisco na New York iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kazi ya kupeleka chakula. Na wengi ambao walikuwa hawajajenga tovuti yao wenyewe walikwenda mbio kuitafuta. Ndipo pia misimbo ya QR ilipojaa mezani, ile iliyobuniwa na Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari.

Na huku kwetu? Waya wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai 2009, intaneti ikaanza kuwa rahisi, na simu ikawa kompyuta ya kwanza ya watu wengi. Kwa hiyo mikahawa yetu mingi iliruka hatua ya tovuti, ikaingia moja kwa moja Facebook, Instagram na WhatsApp. Siwalaumu, maana ni bure na wateja wako huko. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 mitandao hiyo mitatu ilizimika kwa pamoja kwa muda wa saa sita hivi, na mwenye mkahawa ambaye oda zake zote zilipitia humo alikaa akitazama sufuria. Kampuni ya Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na mwishoni mwa 2023 ikaifunga huduma yake ya chakula, Jumia Food, Kenya na Uganda na kwingineko. Hawakufanya kosa, biashara haikulipa. Ila waliokuwa hawana mlango mwingine walianza upya kutafuta wateja ambao hawakuwa hata na namba zao.

Habari hizi zote nilimsimulia mwenzetu yule wa pilau, jioni moja, kwenye meza ya nyuma ya mkahawa wake. Alisikiliza, akaagiza chai nyingine, akauliza swali moja tu: gharama? Tulikubaliana asajili kwanza jina la mkahawa, kwa jina lake mwenyewe na si la fundi, kisha ukurasa mmoja tu: vyakula na bei kwa maandishi, saa za kufungua, namba inayopokelewa, na ramani. Binti yake, aliyeko kidato cha tano, ndiye aliyekaa na fundi hadi mwisho. Waliupima katika simu ya bei ndogo kuliko zote iliyopatikana jikoni, ya mwosha vyombo, kioo chake kimepasuka, na bando lake ni la siku. Ukurasa ulifunguka.

Wiki iliyopita alinipigia simu ofisini. Bei ya kuku imepanda, anataka kuibadilisha, na binti yuko bweni na neno la siri analo yeye.