Taulo la elfu mbili

Mnunuzi wa kwanza alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Hakufungua boneti wala hakuwasha injini. Aliizunguka Premio ya baba mara moja, akawasha tochi ya simu, akaimulika kwenye mlango wa dereva na kusema, "Mzee, rangi hii imechoka." Ndani ya lile duara la mwanga nikaona alichokiona: mikwaruzo myembamba, mamia kwa mamia, iliyojipinda kama utando wa buibui. Gari jeusi halifichi kitu. Akapunguza laki nane kwenye bei. Laki nane ilikuwa karibu nusu ya ada ya mdogo wangu ya mwaka wa kwanza chuoni, na gari lilikuwa linauzwa kwa sababu ya ada hiyo.

Baba hakunitazama, na hakuwa na haja. Kwa miaka miwili, kila Jumapili, mimi ndiye niliyeliosha gari lile na kulikausha. Kabla yangu baba alilifuta kwa kanga kuukuu ya mama, iliyofuliwa hadi ikalainika kama jani la mgomba mchanga. Niliporudi nyumbani kuanza shahada ya uzamili niliidharau ile kanga. Nikanunua kwenye foleni, dirishani, taulo la bluu la shilingi elfu mbili. Muuzaji aliniambia ni maikrofaiba, nami sikuuliza zaidi.

Jambo linaloniuma ni kwamba tasnifu yangu inahusu vitambaa. Miaka miwili nimekuwa nikisoma kuhusu merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani. Nadhani wapo watu wengi wa bara waliolijua jina hilo kama kitambaa kabla ya kulijua kama nchi. Merikani ilikuwa nguo, na ilikuwa fedha pia. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ililipia chakula na njia kwa shuka, yaani mikono minne, na kwa doti, yaani mikono minane. Mkono ulikuwa kipimo cha urefu, lakini ulikuwa pia kipimo cha ubora, kwa sababu mnunuzi alikishika kitambaa kabla ya kukubali.

Wafanyabiashara wa Uingereza walijaribu kuiga merikani, na wateja wakaitambua nakala. Pamba nyingi ya Lancashire ya karne ile ilijazwa wanga na udongo mweupe ili iwe nzito. Ukiifua, uzito unaondoka na maji, unabaki na kitu kama chandarua. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake Domesticating the World cha mwaka 2008, anaonyesha kwamba wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakuwa watu wa kupokea lolote walilotupiwa. Matakwa yao yalibadilisha kilichofumwa viwandani Salem na baadaye Bombay. Hoja hiyo nimeinukuu katika sura mbili za tasnifu. Halafu nikanunua taulo bila kulishika.

Jioni ya Jumamosi ile nililichukua lile taulo la bluu, nikafanya nilichopaswa kufanya kwanza. Nilimwaga maji kidogo juu ya boneti, nikaliweka taulo juu yake na kulivuta. Maji yalisukumwa mbele kama yanafagiliwa. Taulo lilibaki karibu kavu.

Maikrofaiba ya kweli haifanyi hivyo. Uzi wa nguo hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi huo. Nyuzi zenye wembamba wa chini ya denia moja ndizo zinazoitwa maikrofaiba. Malighafi yake ni mbili. Nailoni, ambayo ni aina ya poliamaidi, ilitoka katika maabara ya DuPont mwaka 1935, kwenye kazi ya Wallace Carothers. Poliesta ilivumbuliwa mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliokuwa wameajiriwa na Calico Printers' Association ya Manchester. Hapo nilicheka peke yangu maktabani: chama cha wachapaji wa pamba, cha mji uleule uliotajirika kwa pamba, ndicho kilichozaa uzi uliokuja kuisukuma pamba pembeni.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya Kijapani. Mwaka 1970 Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray alipata njia ya kutengeneza nyuzi nyembamba mno. Plastiki za aina mbili zilivutwa pamoja kama uzi mmoja, moja ikiwa bahari na nyingine visiwa vingi vidogo ndani yake, kisha bahari ikayeyushwa na visiwa vikabaki. Lengo lilikuwa kuiga ngozi laini. Kitambaa hicho kiliuzwa kwa jina la Ultrasuede. Vitambaa vya kusafishia vilikuja baadaye, na kufikia miaka ya 1980 Wajapani walikuwa wakifutia miwani nyuzi za jamii hiyo. Katika mataulo ya gari, poliesta na poliamaidi hubanwa katika uzi mmoja uliogawanyika kama vipande vya chungwa, kisha uzi hupasuliwa. Maji hukaa katika nafasi kati ya vile vipande. Uzi usiopasuliwa hauna nafasi hizo. Ni plastiki laini tu inayoteleza, kama taulo langu.

Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda Kariakoo, na safari hii nilishika. Kila taulo nililipitisha taratibu nyuma ya kiganja, mahali ngozi ilipo kavu. Lililopasuliwa hung'ang'ania vijimikwaruzo vya ngozi, mpaka unasikia kinyaa kidogo. Lisilopasuliwa hupita kimya. Nilisoma lebo: 70 kwa 30 au 80 kwa 20, namba ya kwanza ikiwa poliesta na ya pili poliamaidi, ile inayopenda maji. Nilitazama uzito kwa mita ya mraba. La kukaushia linafaa kuwa zito, gramu 500 na kuendelea, lenye vinyuzi virefu. La kufutia nta gramu 300 hivi zinatosha. La vioo ni lile lenye vishimo kama sega la nyuki. Nilikagua ukingo, kwa sababu ukingo ulioshonwa kwa uzi mgumu hukwaruza kama lebo yenyewe inavyokwaruza. Muuza duka akaniuliza, "Kaka, unaoa au unanunua taulo?"

Nilinunua mawili ya kukaushia na manne mepesi. Yalinigharimu zaidi ya nilivyopanga, na chakula cha mchana siku ile kilikuwa mihogo.

Lakini nisilitwike taulo la bluu mzigo wote. Kosa kubwa lilikuwa mkono wangu. Tabaka la juu kabisa la rangi ya gari, lile lisilo na rangi linalotoa mng'aro, halizidi unene wa unywele. Mchanga wa Dar ni mgumu kuliko tabaka hilo. Mara ngapi taulo lilianguka chini, nikalikung'uta na kuendelea? Mara ngapi nililifua ndoo moja na soksi, kisha nikalisuuza kwa ile dawa ya kulainisha na kunukisha nguo, ambayo huzipaka nyuzi utando na kuziba nafasi za maji? Ile mizunguko ya buibui ni ramani ya mkono wangu. Sasa taulo likianguka linakwenda kufuliwa, peke yake, kwa maji yasiyo moto. Na wala sifuti kwa duara. Nalitandaza juu ya bati, nalibonyeza, nalivuta kuelekea upande mmoja.

Fundi wa rangi alilisugua gari siku nzima kwa dawa ya kung'arishia. Mikwaruzo ya juujuu ikaondoka, ile mirefu ikabaki. Mnunuzi wa pili alikuja Jumapili iliyofuata nikiwa bado nakausha paa. Naye alikuja na tochi. Aliinama, akanyamaza, akapunguza laki mbili.

Walipokwisha kuandikiana alimuuliza baba ni kitu gani tunakaushia gari. Baba alinioneshea kidole na funguo zikiwa bado mkononi.

"Muulize huyu," alisema. "Anasomea vitambaa."