"Shall" na "Will": Kanuni Iliyotungiwa Wageni

Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alichapisha sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, akiwakusudia hasa wageni. Humo ndimo tunamoikuta kanuni ambayo walimu waliikaririsha kwa zaidi ya karne tatu: msemaji akijisemea mwenyewe, "shall" hutabiri tu, na "will" huahidi au hutisha, akisemea wengine, mambo hugeuka. Sarufi za karne ya 18 ziliipanua, na wenye lugha wenyewe wakaanza kuhukumiwa kwa kanuni iliyotungiwa wanafunzi wa kigeni! Mwaka 1925 Mmarekani Charles Fries, baada ya kuchunguza tamthilia za Kiingereza, alionyesha kwamba matumizi hayakuifuata.

Lenye manufaa zaidi kwetu ni asili ya maneno hayo. "Shall" zamani ilikuwa na maana ya kudaiwa. "Will", ya kutaka. Kiambishi chetu -ta- nacho wanaisimu wengi hukihusisha na kitenzi "taka". Basi -ta- ni jamaa wa "will", wala hakibebi deni lolote. Hata hivyo wafasiri wa sheria wamezoea kukitumia mahali pa "shall". Tuchukue mfano wetu wenyewe: "Msajili atatoa cheti ndani ya siku 30." Je, mwombaji ametabiriwa, ameahidiwa, au amepewa haki ya kudai? Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania ya mwaka 1996 ilieleza kuwa "shall" ni wajibu na "may" ni hiari, lakini ufafanuzi huo ulishikamana na maneno ya Kiingereza. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria, swali hili si la darasani tena. Afrika Kusini, katika Katiba yake ya mwaka 1996, iliiacha "shall" ikashika "must".

Sisi twapendelea "sharti Msajili atoe" au "itampasa Msajili kutoa". Ila mfasiri ajihadhari na ukanushi. "Si sharti atoe" humwondolea Msajili wajibu tu, haimkatazi kutoa. Katazo ni "asitoe" au "ni marufuku kutoa". Hapa ndipo wanafunzi wetu wa Kiingereza nao hujikwaa: wakiona "must not" huandika "si lazima", na katazo likawa ruhusa.