Ubingwa Bobezi wa Mapema katika Mafunzo ya Patholojia Nchini Marekani

Patholojia ni tawi la tiba linalotafuta chanzo na sura ya ugonjwa kwa kuchunguza maiti, tishu, seli na damu, na historia ya mafunzo yake nchini Marekani imezunguka swali moja: je, daktari aijue fani yote kwanza, au ajifunge mapema kwenye kiungo kimoja, yaani atafute ubingwa bobezi kabla ubingwa wa jumla haujakomaa?

Msingi uliwekwa Ulaya, ambako Rudolf Virchow wa Berlin alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1858 kuwa ugonjwa hutokana na mabadiliko ya seli, na kwa fundisho hilo magonjwa ya viungo vyote yakapata lugha moja. Upasuaji ndio ulioisogeza fani hiyo kwa mgonjwa aliye hai. Mwaka 1905, katika kliniki ya Mayo mjini Rochester, Minnesota, Louis Wilson alibuni njia ya kugandisha kinyama kilichotolewa mwilini, kukikata utepe mwembamba, kukitia rangi ya bluu ya methilini na kukitazama kwa hadubini kwa dakika chache tu, mgonjwa angali mezani, ili mpasuaji ajue kama uvimbe ni saratani kabla ya kuendelea na kisu. Daktari aliyengojewa kwa jibu hilo hakuchagua kiungo, kwani aliweza kuletewa titi, kisha tezi ya shingo, kisha kipande cha tumbo, na kila kimoja kilidai hukumu ya papo hapo.

Bodi ya Patholojia ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1936, iliutambua ubingwa wa jumla kwa pande mbili: patholojia ya anatomia, inayochunguza maiti, viungo na vinyama, na patholojia ya kimaabara, inayosimamia vipimo vya damu, kemia na vijidudu. Ubobezi ulijengwa juu ya msingi huo hatua kwa hatua, ambapo vyeti vya patholojia ya kisheria vilianza mwaka 1959, vya ngozi mwaka 1974, na vya uchunguzi wa seli mwaka 1989.

Muda wa mafunzo nao ulivutwa huku na huku. Mwaka 1985 bodi iliongeza mwaka wa tano, na mwaka 2002 ikauondoa, lakini wahitimu wengi waliendelea kuujaza kwa mafunzo ya ubobezi, ambayo nafasi zake huombwa mapema kiasi kwamba mwanafunzi hulazimika kuchagua njia kabla hajazipitia idara zote. Hivyo ubobezi wa mapema uliingia kwa mlango wa uani, bila kanuni yoyote kuuamuru.

Hospitali kubwa za vyuo vikuu, zinazogawa kazi kwa viungo, hunufaika na jicho lililozoea ugonjwa mmoja, ilhali hospitali ya mji mdogo humhitaji daktari anayesoma kila kinachofika. Hata hivyo, hoja nzito zaidi ya kutanguliza msingi hutoka kwenye ugonjwa wenyewe, kwa sababu uvimbe unaotolewa kwenye ubongo mara nyingi huwa umesafiri kutoka pafuni au kwenye titi, na bingwa wa ubongo asiyeijua tishu ya pafu hawezi kuitambua saratani iliyo mbele ya macho yake.