Jina Lililo Ndani ya Chupa

Kwa wengi wetu tulio visiwani, mvinyo ni kitu cha kusomwa, si cha kunywewa. Tumekutana nao katika diwani za akina Abu Nuwas na Hafidh, na neno lenyewe tumelirithi kwa Wareno, wanaouita vinho. Hata hivyo, tarikhi ya mvinyo haimleweshi mtu. Na tarikhi ya shamba la Haut-Brion, lililo Pessac, ubavuni mwa mji wa Bordeaux nchini Ufaransa, inamhusu kila ashughulikaye na maneno, kwani ni tarikhi ya jina.

Mwaka 1525, Jean de Pontac alimwoa Jeanne de Bellon. Kwa ada ya huko, mke ndiye aliyekuja na mali, na sehemu ya ardhi hiyo ikaingia mikononi mwa akina Pontac kwa njia ya ndoa. Zama hizo mvinyo wa Bordeaux uliuzwa kwa jina la jimbo tu, aliyeulima hakutajwa. Karne moja na ushei baadaye, Arnaud de Pontac aliuza wake kwa jina la shamba lake. Daftari la ghala la Charles wa Pili, mfalme wa Uingereza, la mwaka 1660, linataja chupa 169 za "Hobriono". Mwaka 1663, Samuel Pepys aliuonja mjini London, akaandika katika shajara yake "Ho Bryan", akiusifia ladha ya pekee asiyopata kukutana nayo. Jina lilipinda katika kila mdomo, lakini lilifika.

Mwaka 1677, mwanafalsafa John Locke alikwenda kulitazama shamba. Alikuta mwinuko mdogo wa mchanga mweupe na changarawe, ardhi ambayo mtu angedhani haioti kitu. Wafanyabiashara walimhakikishia kuwa shamba la jirani, japo kwa macho halina tofauti, halitoi mvinyo kama huo.

Siri nyingine imo katika kuchanganya. Zabibu za Cabernet Sauvignon huupa mvinyo uti wa mgongo, pamoja na ukakasi unaokausha ulimi. Za Merlot huulainisha. Za Cabernet Franc huongeza harufu. Kila aina huchachushwa mbali, kisha waonjaji hukaa na kupima: mwaka huu hii izidi, ile ipungue. Hakuna kipimo kimoja cha miaka yote, kwa kuwa mvua na jua havirudi vilevile. Kisha mvinyo hulazwa katika mapipa ya mwaloni, na baadaye katika chupa, hadi ule ukakasi utulie. Ulaini wake, basi, ni kazi ya subira.

Wenyewe hawakudumu kama jina. Joseph de Fumel, aliyelirithi shamba, alikatwa kichwa mwaka 1794 katika msukosuko wa Mapinduzi. Talleyrand, waziri wa Napoleon, alilimiliki tangu 1801 hadi 1804. Mwaka 1855 mivinyo ya Bordeaux ilipopangwa madaraja, Haut-Brion iliwekwa katika daraja la kwanza pamoja na mashamba matatu tu mengine. Mwaka 1935 ilinunuliwa na Clarence Dillon, tajiri wa Kimarekani, na kizazi chake kingali kinaimiliki.

Lakini jina moja likitukuzwa, mengine hufunikwa. Karne ya 18, iliyoipa Bordeaux majumba yake ya mawe, ilikuwa pia karne ya utumwa. Bandari hiyo ilipeleka mvinyo na unga kwenye visiwa vya Karibi, ikarudi na sukari iliyolimwa na watumwa. Zaidi ya safari 400 ziliondoka hapo kwenda kuchukua watu Afrika, na baadhi ya meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Msumbiji, pwani iliyo jirani na yetu.

Daftari la mfalme lilihesabu chupa, likazitaja kwa jina. Madaftari ya meli yalihesabu watu, aghalabu bila ya majina. Atakayeisoma tarikhi ya mvinyo huu na ayaweke madaftari hayo mawili mezani kwa pamoja, kwani bandari ni ile ile moja.