Ngazi za Chokaa na Ngazi za Zege

Katika nyumba za mawe za Lamu, ukitoka kwenye daka la mlangoni kuelekea ndani, sakafu hupanda kidogo kila unapovuka msana, yaani ukumbi mrefu mwembamba. Kipandio kile kinamjulisha mgeni kwamba anakaribia penye faragha ya wenyewe. Kilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo. Sakafu ilipigiliwa kwa vigongo, watu wakiimba, mpaka ikashikana. Kwa kuwa chokaa hukaza polepole, fundi alipata nafasi ya kurudia na kusahihisha.

Saruji haina subira hiyo. Tangu Joseph Aspdin wa Leeds apewe hataza yake ya saruji mwaka 1824, fundi amepata kitu kigumu zaidi, lakini muda wake umepungua. Zege la moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) humwagwa kuanzia kipandio cha chini, likishindiliwa kwa nondo ili hewa itoke. Kisha fundi husubiri maji yaliyopanda juu yaishe ndipo apitishe mwiko. Akiwahi, maji hayo hunaswa chini ya ngozi nyembamba ambayo baadaye itabanduka. Akichelewa, mwiko unakwaruza tu. Wengi wetu huharibu hapo hapo, kwa kunyunyiza saruji kavu ili inyonye maji.

Wafaransa waliliingia suala la ngazi kwa mlango mwingine, wa hesabu. François Blondel, katika karne ya 17, alianza na hatua ya mtu: kimo cha kipandio mara mbili, jumlisha upana wa kukanyagia, ipatikane kama sm 65. Kimo cha sm 17 na upana wa sm 30 vinakaribia kabisa. Ngazi nyingi za ghorofani za Lamu, kali na zilizobanwa na kuta, asingezikubali. Mimi namuunga mkono, ingawa kanuni yake humponyoka fundi mwishoni: vigae vikishawekwa sebuleni chini, kipandio cha kwanza kinapungua kimo, na cha juu kabisa kinaongezeka vikiwekwa ghorofani. Mguu umeshazoea kimo kimoja. Tofauti ya sm 2 inatosha kumwangusha mzee. Unene wa vigae uhesabiwe kabla mbao za kumwagia zege hazijafungwa.

Halafu kuna niru, uji wa saruji unaosuguliwa juu ya zege. Mng'ao wake unafanana na ule wa chokaa iliyosuguliwa, na ndani ya nyumba, ambako viatu vimeachwa mlangoni, unafaa. Kwenye ngazi za nje ni mtego: mvua moja ya masika, na kila anayepanda anashika ukuta. Tumeurithi ulaini wa wazee, tukaupeleka mahali ambapo wao wasingeuweka.

Kwa hiyo, ukijengewa ngazi za nje, mkatalie fundi niru hata kama ni ya bure. Mwambie apitishe ufagio mgumu kukingama kipandio kabla zege halijakaza, alifunike kwa magunia, na wewe uyamwagie maji siku 7.