Uchovu wa maamuzi

Uchovu wa maamuzi ni kudhoofika kwa uwezo wa kuchagua vyema baada ya kuamua mambo mengi mfululizo. Mtu huahirisha, au hukubali chochote ili mambo yaishe. Mwanasaikolojia wa Marekani Roy Baumeister na wenzake walidai mwaka 1998 kwamba utashi huchoka kwa kutumika. Jaribio la maabara 23 lililochapishwa 2016 halikuthibitisha dai hilo, hivyo lishikwe kwa tahadhari. Kupunguza machaguo, hata hivyo, kunaweza kusaidia. Katika milima ya Usambara, gulio lenye siku yake humwondolea mkulima swali la lini auze. Bei ya mwisho ya debe la maharage aipange nyumbani, kabla wachuuzi hawajaanza kumvuta huku na huku.